Hewa ya Kitanda cha Saba

Mume wangu Okeyo alikuwa tayari kufa ili mama yangu mdogo asijue kwamba amejamba. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule kila mtu alilizunguka, na kule kulizunguka nusura kumuue. Mwenye haya aachie hapa hapa.

Ulikuwa mwaka wa sabini na saba, kahawa ya Uganda ikivuka kuja kwetu kwa kila njia isipokuwa ile ya forodha. Okeyo alikuwa na baiskeli ya boda. Asubuhi alibeba abiria kutoka stendi ya Busia mpaka kwenye kizuizi cha mpaka, mchana alibeba magunia ambayo sikumwuliza yametoka wapi. Jumatatu moja alikula ugali wa mtama na omena, sahani iliyowatosha watu wawili, akapanda baiskeli na gunia nyuma yake. Hakwenda mbali. Wenzake walimkuta amejikunja kando ya njia, anatapika, tumbo limekaza kama ngoma. Walimpeleka hospitali ya misheni wakiwa wamemshikilia juu ya baiskeli yake mwenyewe.

Hospitali ile ilikuwa na daktari wa upasuaji Jumatatu na Ijumaa tu. Alikuwa Mzungu mrefu, Kiswahili chake kilikuwa cha maneno kumi hivi. Siku zile nyingine alikuwa kwingine. Kwa hiyo tulibahatika siku, na tulibahatika zaidi, nilivyodhani, kwa sababu sista, yaani nesi mkuu, wa wodi ya wanaume alikuwa Petronilla, mdogo wake mama yangu, baba mmoja mama mmoja.

Kwetu mdogo wa mama ni mama. Petronilla basi alikuwa mama mkwe wa Okeyo, mkwe kamili. Mkwe na mkwe hawapeani mikono. Hawali katika chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi na kusimama humo mpaka mwenzake apite. Kwa miaka saba ya ndoa yetu hao wawili hawakuwahi kuitana kwa jina, na watu waliwasifu kwa hilo.

Mimi nikaringa. Niliwaambia wanawake waliokaa barazani kwamba sista ni mama yangu, mgonjwa wangu hatapata shida. Kisha, kabla hawajamsukuma Okeyo kuingia thieta, nilimwinamia nikamnong'oneza, "Huyo ni mkwe wako. Chunga heshima." Mtu ana maumivu ya kufa na mimi namkumbusha heshima. Wiki ile niliwakasirikia watu wengi, na mimi nilistahili kuwa wa kwanza kwenye orodha.

Walimfungua jioni ile. Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari aliunyoosha, akashona, akatoka nje kunieleza, Petronilla akitafsiri huku ameupa mgongo mlango wa wodi asije akamwona mkwe wake kitandani. Nilikuwa sijawahi kufikiri chakula kinashukaje. Nilidhani kinaanguka tu. Daktari akasema hapana, ukuta wa utumbo ni nyama yenye kazi. Inajibana nyuma ya chakula, inalegea mbele yake, inajibana tena hatua moja chini, na tena, mpaka mwisho wa safari, hata ukilala, hata ukining'inizwa kichwa chini. Alionyesha kwa vidole vyake hewani na mimi nikaelewa mara moja, maana nimekamua ng'ombe tangu utoto. Kidole cha juu kinabana, kinafuata cha pili, kinafuata cha tatu, na maziwa hayana pa kwenda ila chini.

"Sasa huo utumbo wake umeshikwashikwa sana," Petronilla alitafsiri. "Umesusa. Utakaa siku mbili, tatu, haufanyi kazi. Ukimpa chakula saa hii, kitakaa tu pale na tumbo litafura. Usimpe kitu. Hata maji, hapana."

"Tutajuaje umeanza kazi?"

Daktari alijibu kwa neno moja. Petronilla alilitazama dirisha. "Hewa," akasema. "Ile ya chini. Akitoa hiyo, tutampa maji, kesho yake uji."

Ndivyo nilivyofundishwa, na nilifundishwa vizuri. Mtu huyu alitakiwa kufanya jambo moja tu ambalo hata mtoto mchanga analifanya bila kufundishwa, kisha mtu mmoja aandike kwenye faili kwamba limefanyika. Alilazwa kitanda cha saba, mpira puani, dripu mkononi, na swali lake la kila siku likaanza.

Petronilla hakuwahi kukisogelea kitanda kile. Alisimama mlangoni na kuuliza wodi nzima, macho kwenye faili: "Kitanda cha saba, hewa?" Okeyo alitikisa kichwa. Petronilla aliandika hapana. Kazi ya kumgusa aliifanya Okiror, dresa, mfunga vidonda wa zamu ya jioni. Okeyo angeweza kumwambia Okiror. Lakini Okiror naye angeandika, na kilichoandikwa Petronilla angekisoma asubuhi, na Okeyo alilijua hilo vizuri kuliko alivyoijua njia ya mpakani.

Alhamisi, saa ya kuwaona wagonjwa, nilimkuta midomo imepasuka kwa kiu na tumbo limepanda kuliko jana yake. Nilisikia linanguruma nikiwa nimesimama tu. Kila liliponguruma aling'ata shuka.

"Umetoa?" nikamwuliza kwa sauti ndogo.

"Bado," akasema, akitazama dari.

Niliamini. Mimi mke wake, ninayelala naye kitanda kimoja, niliamini kwamba mwanamume mwenye tumbo linalonguruma hivyo hana cha kutoa. Nilirudi nyumbani Matayos nikisali rozari njia nzima.

Ijumaa asubuhi nilikuja na Josiah, kaka yake Okeyo, mtu wa kanisa na mwenye kupenda vikao. Daktari alikuwa amekwisha kufika. Aliweka kile chombo chake cha kusikilizia juu ya tumbo la Okeyo, akasikiliza muda mrefu, akasoma faili ukurasa kwa ukurasa, akatikisa kichwa. Petronilla alisimama hatua kadhaa nyuma na kutafsiri akiwa ameliangalia dirisha.

"Anasema utumbo umeamka na unapiga kelele sana. Misuli inasukuma. Lakini siku nne hakuna kitu imetoka. Kama inasukuma na hakuna kutoka, basi huko mbele imefungwa. Anasema umejisokota tena. Atamfungua tena saa sita."

"Atapona?"

Daktari alisema maneno mengi. Petronilla akayafupisha. "Anasema amekwisha nguvu. Kisu ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Anasema muombe."

Josiah akavua kofia na kuanza kuomba pale pale, kwa sauti. Okeyo alifumba macho. Nikadhani ni hofu ya kisu.

Kitanda cha nane alilala Mutwalibu, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti wa Busia, mguu wake ukiwa kwenye plasta. Nilipopita na karai kwenda kuchota maji ya kumfuta Okeyo uso, alinishika upindo wa leso, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, kwa nini wanampeleka tena?"

"Hewa haijatoka."

Mutwalibu akanitazama kama mtu asiyejua acheke au alie. "Hewa gani hiyo haijatoka? Jana asubuhi ilitoka. Mimi nilisikia kabisa, na si kidogo. Sista alikuwa hapa ananibadilishia dripu, amesimama hapo hapo ulipo wewe. Aliganda. Halafu akatoka mbio. Mimi nikajua amekwenda kuandika."

"Alisikia?"

"Nyabo, hata mwenye duka la ng'ambo huko alisikia."

Sikumbuki niliweka wapi lile karai. Nilimkuta Petronilla kwenye chumba cha kuchemshia sindano, anapanga vyombo kwenye trei, vyombo vya kumpasulia mume wangu. Nilifunga mlango.

"Mama, jana asubuhi ulisikia?"

Aliendelea kupanga. Mkasi, koleo, mkasi.

"Mama."

"Nilisikia," akasema.

"Ukaandika hapana."

"Ningeandika nini, Nanjala? Ningeandika nimesikia mkwe wangu? Nilijua atatoa tena jioni, Okiror asikie, yeye aandike. Halafu hakutoa. Alijizuia, nafikiri kwa sababu aliniona. Mkwe hasikii kitu kama hiyo. Hata akisikia, hajasikia."

Nilitaka kumpiga. Huyu ni mwanamke aliyenilipia shule mpaka darasa la saba, aliyenishonea gauni la harusi kwa mkono, na nilitaka kumpiga kwa ile trei mpaka mikasi ishikane na nywele zake. Alikuwa amesomea unesi miaka mitatu. Alijua misuli, alijua utumbo, alinifundisha mimi juzi tu. Na elimu yote ile aliitundika ukutani pamoja na sweta lake, kwa sababu ya ushuzi.

"Mwambie daktari," nikasema. "Sasa hivi. Usipomwambia, nitasimama katikati ya soko la Busia na nitalitaja jina lako na ulichofanya, kila siku ya soko, mpaka nizeeke."

Alikwenda. Nasema hivyo kwa haki yake: alikwenda, na alimwambia. Sikukijua Kiingereza lakini niliuona uso wa daktari ukibadilika rangi. Alifungua faili, akagonga kidole kwenye ile hapana ya Alhamisi, akauliza jambo, Petronilla akainamisha kichwa. Daktari akatupa faili kitandani na kumwendea Okeyo, ambaye walikuwa wamekwisha kumpandisha kwenye kitanda cha magurudumu.

"Wewe," akasema kwa Kiswahili chake. "Hewa. Toka? Ndiyo ama hapana?"

Okeyo alimtazama daktari. Akanitazama mimi. Akamwona Petronilla, amesimama na mikono nyuma.

"Hapana, daktari," akasema. "Bado. Huyu mke wangu anaogopa kisu tu."

Kuna hasira inayokutoa machozi na kuna hasira inayoyakausha. Yangu iliyakausha. Mtu huyu alikuwa ananiita mwongo mbele ya wodi nzima ili apelekwe kupasuliwa tumbo zima, lisilo na kasoro.

"Okeyo, umejamba," nikasema. Sikunong'ona. "Umejamba jana asubuhi. Mutwalibu amesikia, mama amesikia, na leo unajizuia ndiyo maana tumbo linafura. Kujamba si wizi. Watoto wako ni watatu. Nitawaambia baba yao alikufa kwa ugonjwa gani?"

Wodi ilikuwa na wanaume ishirini. Mmoja alijifunika blanketi mpaka utosini. Josiah alinishika mkono.

"Shemeji, maneno gani hii mbele ya wakwe. Twende inje."

"Toka wewe inje," nikamwambia.

Daktari alikuwa ametuangalia sote kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nilimwelewa. Nesi jana aliandika hapana, leo anasema ndiyo. Mke anasema ndiyo, mgonjwa mwenyewe anasema hapana. Tumbo liko pale, limefura, linanguruma. Angemwamini nani? Alitazama saa. Kisha akamwambia Petronilla neno fupi, na nikamwona mama yangu mdogo anashika ukingo wa kitanda.

"Anasema nilete mpira," akaniambia. "Ule wa kutoa hewa kwa nyuma. Kama hewa itatoka, hakuna opresheni. Kama haitoki, anampeleka."

Okiror hangefika hadi jioni. Matroni alikuwa likizo. Daktari mwenyewe alikuwa amekwisha kuanza kunawa mikono kwa ajili ya thieta, na kwake hiyo ilikuwa kazi ya nesi, kama kupima homa. Nesi alikuwa mmoja. Petronilla alikwenda, na alichukua muda, na mimi nilidhani amekimbia. Alirudi na trei iliyofunikwa taulo.

Okeyo alipoona nani ameishika ile trei, alianza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona analia, hata baba yake alipozikwa. Alisema, "Nipelekeni thieta. Tafadhali. Nipelekeni tu." Na kuna watu waliokuwa tayari kumtii. Josiah alikuwa tayari amekishika kitanda upande wa miguu.

Petronilla alivuta pazia la magurudumu likatuzunguka sisi watatu. Akamtazama Okeyo usoni, mara ya kwanza kwa miaka saba, na akamwita kwa jina.

"Okeyo. Mwanangu. Leo mimi ni nesi. Lala ubavu wa kushoto, kunja magoti."

Alilala ubavu wa kushoto. Nilimshika mabega, akanizikia uso tumboni, na nilimsikia akisema, "Nisamehe mama, nisamehe mama," bila kupumzika, wakati Petronilla anafanya kazi aliyosomea. Alifanya haraka na alifanya kwa upole. Kisha hewa ikatoka. Ilitoka kwa muda mrefu sana, na nilikuwa nimeweka kiganja juu ya tumbo lake, nikaona tumbo linashuka chini ya kiganja changu kidogo kidogo, na ndani yake, chini ya bandeji, kitu kinajibana, kinalegea, kinajibana hatua moja chini. Ule utumbo haukuwa na mkwe. Uliendelea na kazi yake.

Nje ya pazia nilimsikia Mutwalibu akisema, "Alhamdulillahi," na mtu mwingine akacheka, na mwingine akamwambia anyamaze.

Daktari aliingia, akasikiliza tena, akapapasa kila upande. Alivua aproni ya thieta. "Leo maji," akaniambia. "Kesho uji." Alimwambia na Petronilla jambo, kwa ukali, kisha jambo lingine kwa sauti ya chini. Petronilla hakutafsiri lolote kati ya hayo mawili. Alibeba trei yake akatoka.

Okeyo alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Wiki ya tatu wakwe wa pande zote mbili walikutana Matayos, kwetu, na mbuzi akachinjwa. Mbuzi wa kuosha macho, walisema, kwa kuwa mkwe ameona uchi wa mkwe. Petronilla hakualikwa; jambo lake lilizungumzwa bila yeye. Waliamua kwamba tangu siku ile hatakanyaga boma letu, na Okeyo hatapita mbele ya nyumba yake, mpaka mmoja wao afe. Wote waliitikia. Josiah alijifuta mafuta midomoni akasimama.

"Sisi hatukatai, ndugu yetu amepona," akasema. "Mungu ni mwema. Lakini hiyo maneno shemeji angesema polepole. Angeita daktari kando."

"Kwa lugha gani?" nikamwuliza.

"Nasema tu, heshima ni—"

"Heshima mngeizika naye. Huyu mbuzi mngemla kwenye matanga yake, hapa hapa, kwenye viti hivi hivi, na mngesimama mmoja mmoja kusema marehemu alikuwa mtu wa heshima. Mwanamke aliyemtoa kaburini ndiye mnamfungia mlango. Mimi niliyepiga kelele ndiye sina adabu. Na aliyetaka kufa kwa ujinga mnampa nyama ya kwanza."

Wengi walikuwa na nyama kinywani. Okeyo, ambaye alikuwa anatafuna mnofu na kuumeza bila shida yoyote, alisema bila kunitazama, "Nanjala, inatosha."

Nilikata paja la yule mbuzi, nikalifunga kwenye jani la mgomba, nikalifunga nyuma ya baiskeli ya boda ya Okeyo. Wanawake wa kwetu hawakuwa wakiendesha baiskeli siku zile. Niliendesha mpaka Busia na waliotazama walitazama.

Petronilla alikaa nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali. Alikuwa ameomba ahamishiwe wodi ya wazazi na wamemkubalia. Hakulipokea paja kwa mkono. Alinionyesha niliweke mezani, akasimama mbali nalo.

"Anakula?" akauliza.

"Anakula."

"Na choo?"

"Kila asubuhi."

Aliketi. Alishusha pumzi ndefu, akajifuta macho kwa pindo la aproni, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile hasira yangu juu yake ilianza kulegea. Nilisema mwenyewe moyoni, sasa atasema. Atasema hajutii, kwamba alifanya kazi yake, na mimi nitayabeba maneno hayo mpaka Matayos na kuyabwaga katikati ya kikao chao.

"Nimwambie umemsalimia?" nikamwuliza.

Petronilla alitazama mlangoni, kisha dirishani, kana kwamba kuna mtu amesimama nje.

"Hapana," akasema. "Usimwambie nimeuliza."